Jicho la Kushoto

Lori la Wietske lina usukani upande wa kulia
na Uholanzi nzima huendesha upande wa kulia,
kwa hiyo akitaka kulipita trekta
haoni kitu ila matako ya trekta.
Hapo ndipo ninapoingia kazini.
Miaka thelathini na mmoja nilisambaza barua Dokkum
kwa baiskeli, mvua ikinipiga mbavuni.
Sasa nimestaafu, mimi ni jicho la kushoto.
Nachungulia, nasema: "Bado." Nasema: "Bado."
Nasema: "Njia nyeupe," naye hukanyaga,
na lori huwaza kwanza, halafu hutii.

Limetengenezwa Kanada, mwaka wa arobaini na tatu.
Alilinunua kwa mkulima wa viazi,
kuku wakitaga kwenye kiti cha dereva.
Mumewe akamwambia: lori au mimi.
Wietske hudai hakulisikia swali,
injini ilikuwa ikinguruma.
(Uongo. Injini ilikuwa haijawaka miaka arobaini.)

Siku za kazi husafisha meno ya watu kliniki;
Jumamosi huchokonoa kabureta kwa vindoano vilevile.
Pampu ya mafuta ilitoka Ontario
imeviringishwa katika gazeti la matangazo ya vifo.
Breki hutengenezwa na mzee mmoja wa Ubelgiji
asiyetaka pesa, anataka jibini,
na si jibini lolote.

Kisha ukaguzi.
Bwana Terpstra, kalamu sikioni, tochi mdomoni.
Taa. Honi. Breki: likavuta kushoto
kama punda aliyeona kwao. Tukarudi baada ya wiki mbili.
Mkanda? Halikuzaliwa na mkanda, sheria inalisamehe.
Kishikio cha bunduki juu ya paa?
Kimezibwa, kimechomelewa, barua ya polisi hii hapa, na mhuri.
Halafu akaliona tundu
kwenye mlango wangu, chini ya kioo,
upana wa kidole, kingo zimekunjamana kuelekea ndani.
"Hili lizibwe. Bodi haitakiwi kuwa na matundu."
Wietske, ambaye huongea hata na nati,
hakusema neno.
Terpstra akaingiza kidole, akakitoa,
akakitazama kana kwamba kimerudi na kitu.
Akaandika: *tundu la hewa.*
Akagonga mhuri.

Na kweli hupitisha hewa.
Mwendo ukizidi arobaini mlango hupiga mluzi,
noti moja, kali, ubavuni mwangu.

Aprili tukatoka. Nyuma yetu foleni ya magari
kama msafara wa harusi uliolazimishwa.
Penye njia panda kando ya mfereji
alisimama bibi mmoja na baiskeli, viganja masikioni.
Wietske akazima injini.
Bata wakasikika.
"Utuwie radhi, mama, kwa makelele."
"Makelele nayajua," akasema Froukje, ndilo jina lake.
"Nilikuwa na miaka sita, nimesimama hapahapa na dada yangu.
Tulipunga mpaka mabega yakauma.
Yalikuwa mengi. Yote yalipita.
Hakuna hata moja lililosimama."
Akalitazama lori toka gurudumu hadi turubai,
kama mtu anayedaiwa akitazamwa.
"Mnakwenda wapi?"
Hatukuwa tukienda popote. Starehe yetu ndiyo hiyo:
kuchoma lita thelathini ili urudi ulikotoka.
"Basi nipelekeni kwa mwoka mikate."

Baiskeli tukaipandisha nyuma, na mimi pamoja nayo,
nimekumbatia dumu la petroli gizani mwa turubai.
Kiti changu akakikalia yeye.
Mbele, kwa harufu nilijua, trekta la samadi.
Nikafungua kinywa kwa mazoea;
sauti nyembamba ikanitangulia.
"Bado," ikasema. "Subiri, binti. Bado."
Kisha: "Njia nyeupe!"
Lori likawaza, likatii,
tukapita arobaini, tukapita hamsini,
nami nimetega sikio huko nyuma, nikingoja.
Mlango haukupiga mluzi.